Tushushe Sauti ya Piano?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, fundi wa piano ya kanisa letu anashauri noti ya la (A), ambayo ala hulinganishwa nayo, ishushwe kutoka hezi 440 (mitetemo kwa sekunde) hadi 432. Je, tukubali?

JIBU: Ndugu msomaji, ningebaki na 440. Si kwamba kipimo hicho ni amri ya maumbile, kwani Ufaransa iliweka 435 mwaka 1859, na 440 ilipendekezwa na mkutano wa London wa mwaka 1939. Hata hivyo, kushuka hezi 8, yaani karibu theluthi ya nusu-toni (tofauti ya sauti kati ya vibonye viwili vinavyofuatana), hupunguza mkazo wa kila uzi kwa takriban asilimia 3.6, na kwa kuwa nyuzi zaidi ya 200 huukandamiza ubao mmoja wa sauti (ule unaokuza mlio), kubadili mkazo wa baadhi huziathiri nyingine, hivyo piano haitatulia mpaka ilinganishwe tena na tena. Tarumbeta, zilizoundwa kwa 440, zitapishana nayo.