Anzia kwenye daftari la ubatizo, mate baadaye
Dada, umeuliza kama kipimo cha DNA, kile cha kutuma mate, kitakuambia ukoo wenu ulitoka Ukambani au ni wa Kilema, huku Uchagani Kilimanjaro, tangu zamani. Hakitakuambia. Zile asilimia za makabila ni makisio, na watu wa kwetu waliopimwa bado wachache. Kinachoweza ni kukutafutia ndugu, ikiwa naye amepima: mabinamu wa kwanza hushirikiana takriban asilimia 12.5 ya DNA.

Ningekuwa wewe ningeanzia parokiani. Misheni ya Kilema ilianza 1890, na daftari la ubatizo kwa kawaida huwa na majina ya wazazi na wasimamizi. Omba miadi, usivamie ofisi Jumapili baada ya misa. Mimi babu nilimtafuta kwa jina la ukoo mwezi mzima, kumbe kaandikwa kwa jina la ubatizo na la baba yake tu. Tahajia nayo mtihani: Wajerumani waliandika hata Uchaga "Dschagga"! Utakachopata kiweke FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure.

Ila bibi yako mrekodi kwa simu wiki hii hii, kabla hujalipa dola za kutuma mate Marekani.