Uliza Ujibiwe: Vumbi la Alfajiri

SWALI: Kifaa changu kidogo cha leza husoma PM2.5 (chembe za hewani zisizozidi mikromita 2.5) mikrogramu 90 kwa mita ya ujazo alfajiri, na 20 mchana. Jirani anasema ni moshi wa kuni. Nitahakikishaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wenye kuni wasubiri kwanza kulaumiwa. Kifaa cha leza hakipimi uzito. Hupima mwanga unaotawanywa na chembe, kisha hukisia. Unyevu ukifika asilimia 75 hivi, chumvi ya bahari iliyomo hewani hunyonya maji na kuvimba, na maji hayo yakahesabiwa kama vumbi. Alfajiri ya pwani hufika huko bila taabu. Hata hivyo moshi nao upo: usiku hewa imetulia, haupandi.

Mwamuzi ni mizani. Weka kichujio cha tefloni cha milimita 47 kwenye pampu ya lita 16.7 kwa dakika. Saa 24 ni mita za ujazo 24. Kichujio kikiongezeka mikrogramu 720, wastani ni 30. Ona basi jinsi kosa la mikrogramu 24 tu linavyosogeza jibu kwa 1. Alama ya kidole inatosha kuharibu kazi, kwa hiyo shika kwa kibano. Kabla ya kila kupima, kilaze kichujio saa 24 kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kisha ondoa umeme tuli, la sivyo mizani itayumba. Kichujio kingine kipeleke mahali pa kupimia na ukirudishe bila kukipitishia hewa: kikiongezeka uzito, uchafu umeingia njiani.

Pima kasi ya hewa mwanzo na mwisho. Ikishuka, chembe kubwa zaidi hupenya kichwa cha pampu, yaani mdomo wa kuingizia hewa unaozuia chembe kubwa, na ulichokusanya si PM2.5 tena.

Kwa swali lako, tenga vichujio vya usiku na vya mchana, saa 12 kila kimoja, uone kama tofauti inabaki hata kwenye mizani.

SWALI: Kichujio kimoja kinatosha kujua vyanzo vyote? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Hakitoshi. Tefloni hupimwa kwa eksirei kupata alumini, silikoni, chuma na kalsiamu. Kaboni inahitaji kichujio cha kwatzi kilichookwa nyuzi 550 kwa saa kadhaa, maana hunasa mvuke wa kikaboni hata kikiwa kabatini. Kwatzi humeguka kingo, hivyo usiitegemee kwa uzito.

Moshi wa kuni utafute kwa levoglukosani, kemikali inayotokana na selulosi (nyuzi za mti) inapoungua; moshi wa dizeli hauna. Potasiamu peke yake hudanganya, kwani imo kwenye udongo na maji ya bahari pia. Klorini, ambayo bara ingekuonyesha takataka za plastiki zinazochomwa, pwani huzama ndani ya klorini ya chumvi ya bahari. Na kalsiamu ikiwa nyingi, usikimbilie kusema saruji: barabara zenu nyingi zimekaa juu ya matumbawe, nayo yana kalsiamu. Chukua vumbi la barabara yenyewe, lichekeche, ulipime kwa eksirei hiyo hiyo, kisha ulinganishe.