Uyoga mweupe wa uwanjani: angalia chini ya kofia kwanza

Jamani mvua za vuli zikishapiga siku mbili tatu halafu jua likatoka, huku kwetu Pemba uyoga unachomoza kila pahala, uwanja wa mpira, malishoni kwa ng'ombe, kando ya njia, na watu wanaona kitoweo cha bure. Mie nyumbani kwetu uyoga wa nazi tunaupenda sana na nimeanza kuchuma tangu mdogo nikifuatana na bibi yangu, kwa hiyo siwaambii watu waache kula uyoga, nawaambia kuna mmoja waujue vizuri kabla ya kutia mkono.

Huo ni ule mkubwa mweupe wa kwenye majani mafupi, wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites, umeandikwa kwenye vitabu vyao toka 1818 na upo nchi nyingi za joto. Ukiwa mchanga kofia ni duara, baadae inafunguka mpaka inakuwa bapa, sentimita 10 mpaka 30 hivi, nyeupe na magamba ya kahawia yamejazana pale katikati. Shina refu, jembamba, halina mabaka, na lina pete ambayo ukiisukuma kwa kidole taratibu inapanda na kushuka. Mara nyingi unatoka mwingi pamoja na unajipanga duara, kwa sababu nyuzi zake zinaanzia pahala pamoja chini ya udongo na kutanuka kwenda nje.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo watu wanapodanganyika. Geuza kofia utazame yale matamvua ya chini, ukiwa umekomaa utaona yanaanza kuwa kijani kijivu, lakini ukiwa bado mchanga ni meupe kabisa, hayana hata dalili, na huo mchanga ndio watu wanaoupenda kwa sababu ni laini! Kwa hiyo weupe wa matamvua peke yake usiutegemee hata kidogo. Mie nafanya hivi, nachukua ulofunguka, nakata shina, nalaza kofia juu ya karatasi nyeupe matamvua yakitazama chini, nafunika bakuli, naacha mpaka asubuhi. Ukiinua unakuta unga umeanguka kwenye karatasi, huu ukiwa ndio wenyewe basi unga ni wa kijani. Uyoga wa kichuguu tunaokula sie unga wake unaelekea rangi ya waridi, na kuna yenye shina linalozama ardhini mpaka kwenye nyumba ya mchwa, wakati huu wa uwanjani unang'oka kirahisi tu.

Ila unga kutokuwa kijani si ruhusa ya kula, maana ziko aina nyingine mbaya zenye unga mweupe. Mimi nisioujua kwa jina na pahala unapoota siupiki, basi.

Na haya maneno ya kutia sarafu ya fedha au kitunguu kwenye sufuria eti kikibadilika rangi una sumu, achaneni nayo, hayapimi chochote. Kuona konokono kaula pia si dalili, tumbo lake si lako. Kuuchemsha na kumwaga maji napo si kinga.

Mtu akiula huu, kwa kawaida baada ya muda wa saa moja mpaka tatu anaanza tumbo kukata, kutapika na kuharisha vibaya sana, na watoto ndio wanaishiwa maji haraka. Nimeona mtoto wa jirani alivyolegea kwa mchana mmoja tu, inatisha wallahi. Msingoje mpaka kesho, mpelekeni hospitali, njiani mpeni maji ya ORS kidogo kidogo kama anaweza kumeza, na chukueni uyoga uliobaki muweke kwenye karatasi au kikapu, sio mfuko wa plastiki unaoza haraka, ili daktari auone. Na kama kutapika kumeanza baada ya saa sita au zaidi toka kula, mwambieni daktari hivyo hivyo, kwa sababu sumu zinazochelewa ndizo zinazoua ini, hata kama mgonjwa anaonekana amepata nafuu.