Grafu ya jasho ikilala, anza na ngozi

Mwanafunzi wa saikolojia ameandika wiki hii. Aliwavisha watu bendi za mkononi, zinazopima msongo wa mawazo kwa jinsi ngozi yenye jasho inavyopitisha umeme, akawapa hesabu ya kutoa 7 mfululizo kuanzia 100, na kwa nusu yao mstari wa jasho umelala tu. Anauliza kama vifaa ni vibovu. Mara nyingi havina kosa.

Kifundo cha mkono kina tezi chache za jasho kuliko kiganja. Ukiwa maabara, hamishia vipimo vidoleni: pingili ya kati ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati, mkono asioandikia. Tumia elektrodi (vibandiko vya kupimia umeme wa ngozi) za fedha na kloridi ya fedha, pamoja na jeli yenye chumvi kidogo, karibu asilimia 0.5. Jeli ya kupimia moyo ina chumvi nyingi mno, inakuza namba. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni laini. Spiriti weka mbali, inakausha ngozi. Ukishabandika, subiri dakika 5 hadi 10 jeli ipenye, maana wakati huo namba hupanda zenyewe, na mwenye haraka huuita mpando huo msongo wa mawazo.

Sasa mwambie unayempima avute pumzi moja kubwa, ya ghafla. Sekunde 1 hadi 3 baadaye mstari uinuke, ufike kilele, kisha ushuke taratibu. Kinachochoma juu kama sindano na kuanguka papo hapo ni mkono uliotikisika. Pasipoinuka kitu, kagua mguso wa elektrodi kwanza. Wapo wachache ambao ngozi zao haziitikii kabisa. Waripotini, jamani, msiwafute kimyakimya.

Joto nalo lina jasho lake. Dar es Salaam ya Februari, aliyepanda ngazi sasa hivi apumzike kwanza kwenye chumba chenye nyuzi 22 hadi 24.

Na jasho halitofautishi hofu na furaha. Linaonyesha tu kwamba mwili umeamka. Ndiyo maana kila zoezi likiisha, mpe hapohapo dodoso la NASA-TLX, linalouliza kazi imemlemea kiasi gani, vipengele vyake 6, kabla hajasahau.

Kwenye mapigo ya moyo kuna mtego mwingine. Anayehesabu kwa sauti anabadili upumuaji, na upumuaji hubadili nafasi kati ya pigo na pigo. Usimlinganishe na alipokaa kimya. Mlinganishe na dakika 5 za kusoma namba kwa sauti, kiti kilekile, mkao uleule.