Mbona sadaka ileile inatajwa mara kumi na mbili?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mama wa jumuiya, naishi Newala. Juma lililopita tulisoma Hesabu sura ya 7, wakuu wa makabila ya Israeli wanapoleta sadaka zao madhabahu ilipowekwa wakfu. Kila mkuu analeta vitu vilevile, na vyote vinatajwa upya. Vijana walisinzia. Kwa nini mwandishi asiseme tu kwamba wengine nao walileta vivyo hivyo? Na hao wakuu walikuwa akina nani, machifu?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na la mwisho, maana ni jepesi. Walikuwa vichwa vya makabila yao, mmoja kwa kila kabila, na ukoo ulifuata upande wa baba. Kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao angetazamwa mjomba. Sura ya 1 inawataja wakisimama na Musa kuhesabu wanaume wa vita. Baadaye wanaongoza watu wao kambini na safarini. Wafalme hawakuwa. Wala katika sura hizo hakuna anayetamka neno: tunawajua kwa majina yao na kwa walicholeta mkononi.

Walileta nini, kila mkuu kwa siku yake? Sahani ya fedha yenye uzito wa shekeli 130, bakuli la fedha la shekeli 70, kijiko cha dhahabu cha shekeli 10 kilichojaa ubani, pamoja na wanyama. Sasa weka sura ya 1 kando yake. Yuda walihesabiwa wanaume 74,600. Manase walikuwa 32,200, hata nusu ya Yuda hawafiki. Lakini siku ya nane Gamalieli wa Manase anasimama na sahani ya uzito uleule. Mwandishi angefupisha, tungebaki na Nashoni wa Yuda, wa siku ya kwanza, na Ahira wa Naftali, aliyengoja mpaka siku ya 12, angemezwa na neno "wengine".

Huku Masasi nimeona jambo hilo kwenye sadaka ya mavuno. Katibu anasoma: fulani, gunia la korosho, fulani, debe la mbaazi. Jua likipanda anafunga daftari na kusema wengine pia wametoa, Mungu awabariki. Kwenye benchi la nyuma nilimwona bibi mmoja aliyeleta choroko zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa ameinua shingo tangu mwanzo, akisubiri jina lake. Halikusomwa. Mwandishi wa Hesabu hakumfanyia hivyo mtu yeyote, na kwa hilo naipenda sana sura hii ambayo wengi wanairuka.

Marabi wa Kiyahudi nao waliikalia. Walifundisha kwamba vitu vilikuwa vilevile lakini kila mkuu alikuja na nia yake, kwa hiyo zilikuwa sadaka 12 na si moja iliyorudiwa.

Tena mtazame Nashoni. Dada yake Elisheba ndiye mke wa Haruni, na katika uzao wake atatoka mfalme Daudi. Anatangulia siku ya kwanza, mbele hata ya Reubeni, kabila la mzaliwa wa kwanza. Lakini soma aya ya 12 polepole: wenzake wote 11 wanaitwa mkuu wa kabila fulani, yeye, siku hiyo ya kutoa, anatajwa kwa jina, baba na kabila tu. Aliye juu kuliko wote ndiye aliyeandikwa bila cheo. Sidhani ni bahati mbaya.

Kwa vijana wako, mama, usimpe msomaji mmoja sura nzima. Gawa kwa watu 12, kila mmoja asimame na mkuu wake. Aya ya 84 hadi ya 88 someni wote kwa pamoja, maana hapo ndipo jumla inapotolewa: fedha shekeli 2,400, dhahabu 120. Majina ya akina Surishadai na Pedasuri, baba za wakuu, wayapitie nyumbani kwanza.