Taka Ulizolipia Ziondolewe Bado Ni Zako

Watu wanapozungumzia sheria zinazokataza kutupa taka ovyo, mara nyingi humfikiria abiria anayerusha chupa dirishani au mtu anayetoka usiku na gunia begani. Hao wapo, na faini zimewekwa kwa ajili yao. Hata hivyo, katika miaka niliyotumikia kamati ya usafi ya mtaa ninaoishi, nimeona marundo mengi yaliyotoka katika nyumba za watu waungwana, ambao wangeapa kwamba hawajawahi kudondosha hata karatasi ya pipi barabarani. Walimlipa mtu aje azizoe taka zao, akazizoa, nao hawakumuuliza anazipeleka wapi.

Kuna kiwanja kilichokuwa wazi kwa muda mrefu, ambacho kila baada ya siku chache kiliongezewa kifusi, magodoro yaliyochakaa na mifuko iliyofungwa vizuri. Afisa wa afya alipokuja kukagua, alikuta ndani ya mfuko mmoja bahasha zenye jina na anwani ya familia ya mtaa wa pili. Wenyewe walishtuka kweli, kwa sababu walikuwa wamemlipa kijana mwenye mkokoteni awasafishie stoo, lakini jina lake hawakulijua, risiti hawakupewa, na namba ya simu waliyokuwa nayo haikupatikana tena. Sheria ndogo ya eneo letu humtaja mwenye taka kabla ya mbebaji, kwa hiyo faini ikawaangukia wao. Walilalamika kwamba wameonewa. Niliwahurumia, ila sikukubaliana nao, kwa kuwa mtu asiyeweza kusema taka zake zimeishia wapi hana namna ya kuthibitisha kwamba hakuhusika.

Wala sheria hiyo si ya ajabu. Nchini Uingereza, kifungu cha 34 cha Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 kiliwawekea wafanyabiashara wajibu wa kuhakikisha kwamba taka zao zinakabidhiwa kwa mtu aliyeruhusiwa kuzipokea, na baadaye wajibu kama huo, ingawa mwepesi zaidi, ukaenezwa kwa wenye nyumba. Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya za mwaka 2006 zilimtaka msafirishaji awe na leseni pamoja na hati ya kufuatilia mzigo. Hata Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaohusu taka hatari zinazovuka mipaka ya nchi, unataka mzigo uandamane na hati tangu safari inapoanza hadi mahali pa kuutupa. Kote huko wazo ni lile lile: kila anayezipokea taka lazima ajulikane.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote taka zako, hasa kifusi, samani kuukuu au matawi ya miti, muulize anazipeleka dampo gani na umwombe akuonyeshe kibali chake. Anayefanya kazi hiyo kihalali huulizwa maswali hayo mara kwa mara na hayamuudhi. Anayejibu kwamba usijali, yeye anajua pa kuzimwaga, amekwisha kukujibu. Andika jina lake na namba ya gari, piga picha ya mzigo ukiwa umepakiwa, kisha udai risiti inayoeleza aina ya taka na siku zilipochukuliwa. Risiti isiyosema lolote zaidi ya kiasi kilicholipwa haitakusaidia sana mbele ya afisa.

Bei nayo huzungumza. Pale ambapo dampo rasmi hutoza ada ya kumwaga mzigo, uliza kwanza ada hiyo ni kiasi gani, kisha uongeze mafuta ya gari na ujira wa wapakiaji. Mtu anayekutajia bei iliyo chini ya jumla hiyo hafanyi biashara ya hasara kwa kukupenda. Kuna gharama ambayo amekusudia kuikwepa, na mara nyingi ni ile ya langoni. Nadhani hapa ndipo wengi wetu hujifanya hatuoni, kwa sababu unafuu wa bei unatufaa sisi, ilhali rundo litakuwa mbele ya nyumba ya mtu mwingine.

Isome sheria ndogo yenyewe, usitegemee kusimuliwa. Nakala yake huwa inapatikana katika ofisi ya halmashauri, na mara nyingi ni fupi kuliko unavyodhani. Angalia inasemaje kuhusu saa ya kutoa taka nje, kwa maana katika maeneo mengi mfuko ulioachwa barabarani kabla ya siku ya kuzolewa huhesabiwa kuwa uchafuzi. Angalia pia kuhusu kuchoma taka, ambako watu wengi hukuona kuwa njia ya kujitegemea, ingawa plastiki kama zile za mabomba na nyaya zikichomwa uani zinaweza kutoa daiksini, ambazo ni sumu zinazodumu muda mrefu mwilini na katika mazingira. Betri, rangi na mafuta ya injini huwa na utaratibu wake peke yake, na mzoaji wa kawaida pengine haruhusiwi kuvigusa.

Mwenye kiwanja kisichojengwa ana sababu zaidi ya kuisoma, kwani sheria nyingi za namna hii humtaka yeye asafishe hata kama hakutupa chochote. Ushauri wangu kwake ni kuondoa rundo la kwanza upesi, kabla halijapata wenzake. Watafiti wa mji wa Groningen nchini Uholanzi walionyesha jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008: walining'iniza vipeperushi kwenye baiskeli zilizoegeshwa kando ya ukuta, na ukuta ulipokuwa safi asilimia 33 ya wenye baiskeli walivitupa chini, lakini ulipokuwa umechorwachorwa, waliofanya hivyo walifika asilimia 69. Kufyeka nyasi, kuweka taa na kufunga njia ambayo gari linaweza kupita hufanya kazi kubwa kuliko bango. Mabango ya kukataza siyadharau kabisa, lakini nimeona marundo makubwa yakiegemea nguzo zake. Yanayosaidia kidogo ni yale yanayotaja faini na kueleza taka zipelekwe wapi.

Ukikuta taka zimetupwa, usiifungue mifuko kumtafuta mwenye taka, kwa sababu ndani yake kunaweza kuwa na sindano au vioo, na isitoshe unaweza kuharibu ushahidi. Piga picha zinazoonyesha rundo pamoja na alama ya mahali isiyohama, andika siku na saa, na kama uliona gari, andika namba yake na lilikoelekea. Usimkabili anayemwaga, hasa usiku. Vilevile usisambaze picha ya uso wake kwenye makundi ya simu ukimwita mhalifu, kwani kosa halijathibitishwa, na huenda ukajikuta wewe ndiye unayeshitakiwa.

Malalamiko ya mdomo husahaulika pindi afisa aliyeyapokea anapohamishwa. Yaandike, taja kifungu cha sheria ndogo kilichovunjwa, omba namba ya kumbukumbu na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu lisipokuja katika muda unaofaa, mpelekee diwani barua ya pili ukiwa umeambatisha ile ya kwanza, na uwaombe majirani walioathirika watie saini zao. Katika kamati yetu, barua zilizokuwa na picha, tarehe na namba ya gari ndizo zilizofika kwa mwanasheria wa halmashauri. Zile zilizosema tu kwamba mtaa umechafuka zilijibiwa kwa ahadi ya kufanya usafi wa pamoja mwisho wa mwezi.