Presha ya wenye nacho? Njooni Tandahimba mwezi wa tano

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, presha na kisukari ni magonjwa ya wenye nacho?" Najua wengi watajibu ndiyo, maana picha tuliyonayo ni ya bosi mwenye kitambi, gari na nyama choma kila Ijumaa. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Kazi yangu ni mizani, daftari na stakabadhi, na jibu langu ni hapana. Wanaofika dirishani kwangu wakiwa na kadi za kliniki ya presha ni wakulima wa ekari mbili tatu, na wengi wao ni wembamba.

Kuna baba mmoja mtu mzima, stakabadhi zake za korosho na kadi yake ya kliniki anavitunza kwenye mfuko mmoja wa naironi. Akitoa kimoja, kingine kinadondoka. Msimu ukichanganya, kuanzia Oktoba hadi Januari hivi, anameza kidonge kila siku kama alivyoagizwa. Ikifika Machi anameza leo, anaruka kesho na keshokutwa. Mwezi wa tano vidonge vimekwisha, anayempulizia dawa mikorosho anataka chake, na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya hana. Anakuja dirishani.

"Mwanangu, ile hela iliyobaki imeingia?"

"Bado, baba. Labda wiki ijayo."

Hiyo wiki ijayo mimi mwenyewe siijui. Dawa ya presha inataka kila siku, hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka, na katikati hapo ndipo watu wanapopooza upande.

Mtaniambia basi shida ni hela tu. Nakubali nusu. Huko Uingereza, Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali wa London katika utafiti unaoitwa Whitehall, ulioanza 1967 ukiwa na wanaume zaidi ya 17,000. Wote walikuwa na ajira na mshahara wa kila mwezi, na matibabu ya nchi ile ni bure. Hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo wale wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na walinzi wa milangoni, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu ya wakubwa wa juu. Na kila ngazi ilikuwa na hali mbaya kuliko ile iliyo juu yake, hata huko katikati walikokaa watu wa suti. Walipoondoa hesabu ya sigara, lehemu na presha yenyewe, tofauti kubwa bado ilibaki. Awamu ya pili, iliyoanza 1985 na kuingiza wanawake, ikaonyesha kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake, anayepangiwa afanye nini na lini, moyo wake uko hatarini zaidi.

Mwilini mambo yanakwenda hivi. Ukikutana na nyoka chini ya mkorosho, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari inaingia kwenye damu ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda zake, vyote vinashuka. Deni haliendi zake. Unalala nalo, unaamka nalo, na presha inazoea kukaa juu huku usingizi ukikatika. Wengine wanautafuta huo usingizi kwenye uraka, pombe ya mabibo.

Tena deni la huku si la duka peke yake. Mjomba asiyetoa kitu kwenye unyago wa mpwa wake anajua atasemwa mpaka msimu mwingine. Watu wa mjini huita huo ufujaji. Mimi sijaona mtu wa mjini anayekwenda kwenye harusi ya ndugu yake mikono mitupu.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2013, uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno hela ikiwa mkononi. Mtu yuleyule alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili kabla ya mavuno. Niliposoma hivyo niliacha kumcheka anayeuza kangomba, yaani korosho inayopimwa kwa bakuli nje ya mfumo wa ushirika, kwa bei ya kutupa. Kichwa chake mwezi ule kina kazi moja tu, kuuona mwisho wa wiki.

Na kusubiri nako ni mzigo wake. Msimu wa 2018 Serikali ilisema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyozidi ile ya wafanyabiashara. Uhakiki ukachukua miezi, na ulikuwa na sababu, kangomba ilikuwepo. Lakini kwa mkulima, bei nzuri bila tarehe ni nusu ya bei.

Wa chini kuliko wote kwenye daftari langu ni wale ambao daftari halina majina yao. Mwanamke anapalilia, anaokota, anabangua zile za kula nyumbani; stakabadhi inaandikwa jina la mume. Wengi hawajui hata kilo zimefika ngapi. Hela ikitoka, baadhi ya waume hupata na mke wa msimu. Kisha mama huyo akienda zahanati na kichwa kinachogonga, anaambiwa, "Mama, punguza mawazo." Ayapunguzie wapi?

Mimi nina mapendekezo ya kikarani tu. Tarehe ya malipo, ikishajulikana, ibandikwe kwenye mlango wa ghala. Hapa kwetu tulipofanya hivyo hata ugomvi wa dirishani ulipungua. Mke aandikwe pamoja na mume. Na michango ya bima ya afya ikusanywe siku hela inapotoka. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita: Novemba mkulima anaitoa bila kuuliza, Mei hata ukimwomba elfu mbili hana. Wahamasishaji wa huku tumezoea kuwaona Mei.